Siku Niliyompa Kiprono

Eldoret, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Jerop mwanangu,

Kadi ulizozifunga kwa kamba jana na kuzilaza chini ya nguo zako si za kweli zote. Za Wazungu ni za kweli. Nilizitoa nyuma ya majalada ya santuri na kwenye vitabu vya maktaba ya shule. Za watu wa Kongo na wa pwani ni za kweli kadiri nilivyoweza kuulizia. Lakini za watu wetu, wa Soy na Kapsabet na Kitale na hapa mjini, wale hasa unaokwenda kuwaandika huko ng'ambo, nyingi nilizibuni mwenyewe, kwenye meza hii hii. Nimelificha jambo hilo tangu ulipokuwa darasa la tano. Hata mama yako halijui. Na liko la pili ambalo halijui, nalo ndilo linalonifanya niandike leo, ila sina hakika kama nitalifikia.

Wewe na mama yako mmekwenda madukani kutafuta kufuli la sanduku. Nina muda mpaka mrudi. Mambo ya sweta na pasipoti na kutojibizana na wenye nyumba sitayagusa. Mama yako ameyasema na atayasema tena mpaka mlangoni mwa gari.

Asubuhi uliniletea uji ukakaa ukingoni mwa kitanda na daftari lako. Ukasema, "Baba, kesho nitamwambia mjomba asimamishe gari Burnt Forest, nimuone Mzee Kiprono. Nataka anisimulie ile siku yote. Halafu kwenye kitabu nitaandika kwamba ni Hirsi aliyemuuza. Jina lake, duka lake, kila kitu. Ni sawa?"

Nikanywa uji. Ukaniuliza tena, kwa sababu ulidhani sikusikia. Nikasema, "Andika."

Tangu hapo sijatulia. Daktari aliniambia moyo wangu umechoka na nisiusumbue, lakini hakuniambia nifanye nini na jambo lenyewe linalousumbua. Kila gari linalopunguza mwendo huko barabarani nafunika karatasi hii kwa kitabu cha nyimbo za kanisa. Naogopa mnarudi, na naogopa si ninyi.

Acha nianze na kadi.

Unakumbuka jinsi kipindi kilivyokuwa. Dakika tano kabla ya taarifa ya habari ya asubuhi: siku kama ya leo alizaliwa nani, nani alirekodi santuri yake ya kwanza, nani alikufa. Redio hawakuwa na mtu wa kuwatafutia mambo hayo, nami nilikuwa mwalimu wa muziki asiye na piano, mwenye kwaya ya wavulana sabini na uma mmoja wa kupimia sauti. Niliwaandikia barua, wakakubali. Nikakata kadi mia tatu sitini na sita, moja kwa kila siku ya mwaka, ile ya Februari ndefu nayo nikaikatia. Kila mwezi nilinakili kurasa thelathini nikazitia posta. Mtangazaji hakulitaja jina langu hata mara moja, lakini hapa mjini kila mtu alijua. Nikipita sokoni wanawake wa viazi wananiita, "Mwalimu, leo umemzaa nani?"

Hirsi ndiye aliyenifungulia mlango wa kazi hiyo. Ulimjua kama mzee wa duka la redio na betri, mwenye ndevu za hina, aliyekupa peremende. Mimi nilimjua kama mtu aliyeniruhusu kukaa nyuma ya kaunta kila Jumamosi nisome majalada ya santuri bila kununua hata moja. Alikuwa akisema, "Mwalimu, wewe unasoma karatasi, sisi wengine tunasikiliza muziki. Haya, soma. Lakini usinichafulie."

Baada ya miezi michache nikagundua aibu yangu. Kadi zilikuwa zimejaa watu wa mbali. Mpiga kinanda wa Ulaya huku, mpiga tarumbeta wa Amerika kule, na mtu wetu hakuna. Kwa hiyo nikapanda baiskeli nikaanza kuwatafuta wanamuziki wetu, nikiwauliza walizaliwa lini. Walicheka. Mmoja aliniambia, "Mwaka wa nzige." Mwingine akasema aulizwe shangazi yake, na shangazi akasema mvua ilikuwa imekatika kidogo. Wakanitolea vitambulisho, na kwenye kila kitambulisho karani alikuwa ameandika tarehe mosi Januari. Wote. Mtu asiyejua siku yake alipewa hiyo, kama watoto wa mama mmoja. Kadi ya Januari mosi niliibandikia karatasi nyingine chini, kisha nyingine, mpaka ikaning'inia kama mkia wa ng'ombe. Na siku zilizobaki, mwaka mzima, sisi hatukuwa tumezaliwa.

Jambo hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Mtoto wetu anapozaliwa tunakijua kitu ambacho kitambulisho hakikijui. Tunaijua saa. Wewe tulikuita Jerop kwa sababu ya mvua. Kiprono aliitwa Kiprono kwa sababu mbuzi walikuwa wanarudi zizini. Ningeweza kuandika hivyo: huyu alizaliwa jioni, mbuzi wakirudi, siku haijulikani. Ingekuwa kweli, na ingekuwa nzuri zaidi. Lakini niliogopa watu wa Nairobi wataniona mshamba. Neno "sijui" ni neno la msomi, Jerop, nami nilikuwa nimesoma vya kutosha kuliogopa na sikusoma vya kutosha kulitumia. Nikachukua ile kadi ya Januari, nikawagawa watu wake kwenye siku zilizokuwa tupu. Huyu Machi. Huyu Juni, maana wimbo wake ni wa palizi. Nilifurahi. Nilijiona kama mtu anayewagawia ndugu zake mashamba.

Nilipofika kwa Kiprono kalamu ilisita. Nilimpenda kuliko wengine. Alipiga gita kama mtu anayechambua mboga, bila haraka, akitupa kisichofaa. Sikutaka kumpa siku yoyote tu. Na katika maisha yangu kulikuwa na siku moja tu ya kuzaliwa niliyokuwa na hakika nayo, kwa sababu nilikuwepo, nimesimama kwenye varanda ya hospitali, Agosti, mvua ikinipiga miguuni, muuguzi akitoka kunionyesha sura yako. Nikampa hiyo.

Kwa hiyo hamkuzaliwa siku moja, wewe na Kiprono. Ulikuwa ukiwaambia wenzako shuleni, ukijivuna. Ulipochagua kusomea muziki uliniambia pengine ni kwa sababu ya siku hiyo. Nikaenda kutazama ng'ombe.

Alipolisikia jina lake redioni alikuja kutoka Soy kwa baiskeli, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda, kimefungwa nyuma. Ulikuwepo, lakini labda maneno umeyasahau.

"Mwalimu, nasikia nimezaliwa leo."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mama yangu alinizaa mara moja, alichoka. Wewe umenizaa tena na hata jasho hukutoka."

"Unaikataa siku?"

"Nikatae kwa nini? Mtu akipewa ng'ombe haulizi meno. Mwenzangu ni nani hapo?"

Nikamwonyesha wewe. Akainama akakupa mkono kama mtu mzima.

Kuanzia hapo akaifanya desturi. Kiprono hakuwa mtu wa kupatikana. Leo yuko arusini Kapsabet, kesho yuko Kitale, keshokutwa hata mkewe anauliza watu barabarani. Lakini siku hiyo ya Agosti, kuanzia saa tano mchana, alikuwa mbele ya duka la Hirsi na gita lake, hakosi. Hirsi alitoa spika nje. Mama yako alioka keki moja ikaandikwa majina mawili. Watu walikuja kutoka Cheptiret na kutoka mashambani, wakasimama mpaka barabarani. Ilikuwa ndiyo siku pekee katika mwaka ambayo mtu angeweza kusema kwa hakika Kiprono yuko wapi. Na siku hiyo niliitengeneza mimi.

Kisha ukaja ule wimbo wa jogoo. Unaujua. Jogoo aliwika kabla ya alfajiri, wanakijiji wakaamka gizani wakaenda kukama, na kwa kuwa hawakuona vizuri wakamkama fahali. Watoto waliuimba kama mchezo. Lakini unajua jogoo ni alama ya chama gani katika nchi hii, na watu wazima waliposikia fahali anakamwa walitazamana, wakacheka bila kufungua midomo. Haukupigwa redioni. Ulitembea kwa kanda, mkono kwa mkono. Kiprono akaacha kulala kwake. Ulikuwa kidato cha nne, ukaniuliza kwa nini haji tena kuazima nyuzi.

Wiki tatu kabla ya siku yenu walikuja watu wawili hapa nyumbani. Ilikuwa saa tisa, nilikuwa nasahihisha madaftari, mama yako alikuwa kwenye mkutano wa kanisa. Walivaa suti. Walisema wametoka Nairobi na wanakipenda kipindi changu. Nilidhani ni watu wa redio. Nikawachemshia chai mwenyewe. Wakaniomba niwaonyeshe kadi, nikazileta, nikazipanga mezani mwezi kwa mwezi, kama mtu anayeonyesha mahari. Walisifu mwandiko wangu. Walikuwa watu wa kwanza kuniomba nizionyeshe zote. Waliuliza habari za mpiga kinanda, za wana kwaya, za mtu wa tarumbeta. Wakauliza na za Kiprono. Nikawaambia siku yake. Nikawaambia na mahali.

Hilo ndilo la pili. Nimeliandika.

Lililofuata uliliona kwa macho yako, tena kwa karibu kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyeshika kisu cha keki. Landrova ilisimama saa saba kasoro. Hawakupiga kelele. Walimchukua mkanda wa gita ukiwa bado shingoni, na gita likagonga mlango wa gari mara mbili alipokuwa anaingizwa. Ulinitazama mimi, nami nikatazama chini.

Hirsi hakuwepo. Alikuwa ameenda msikitini kuswali adhuhuri, kama alivyoenda kila siku tangu afungue duka, na siku zote hizo hakuna aliyeona. Siku hiyo kila mtu aliona. Kabla jua halijashuka neno lilikuwa limefika Soy: Msomali alijua, ndiyo maana aliondoka. Watu walimtaka mkosaji, naye alikuwa karibu, na hakuwa wa kwetu.

Waliacha kununua kwake. Vijana walikuwa wakipita wakiuliza, "Hirsi, betri bei gani? Na mtu bei gani?" Aliendelea kufagia mbele ya duka. Mwezi wa pili akaja hapa, akasimama kwenye mlango wa jikoni, hakutaka kuketi.

"Mwalimu, wewe watu wanakuamini. Ukisema Hirsi hakusema, itaisha."

"Nitaona la kufanya."

"Utaona lini?"

"Mambo yapoe kwanza."

"Yakipoa nitakuwa nimekufa njaa." Akacheka kidogo, unajua alivyokuwa akicheka kwa pua. "Kadi zako zile zote, hujawahi kuniandika hata mimi."

"Wewe si mwanamuziki, Hirsi."

"Lakini huo muziki wote umetoka kwangu."

Nikamwambia tutaongea. Hatukuongea. Alipakia redio kwenye lori akaenda zake upande wa kaskazini, na sijui kama yu hai. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema, "Si Hirsi, ni mimi," na nilikuwa na mwaka mzima wa kuyasema, kanisani, sokoni, kwenye ukumbi wa walimu. Nilijiambia nawalinda ninyi. Kwamba wakinichukua mimi utasomeshwa na nani. Hoja hiyo ilikuwa nzuri mno, Jerop. Ujihadhari na hoja inayokuja haraka na kukaa vizuri namna hiyo.

Kiprono alirudi baada ya mwaka na zaidi. Vidole vya mkono wake wa kushoto havifungi. Hajawahi kuniambia walifanya nini, nami sijauliza. Siku aliyorudi alikuja hapa kwanza, kabla ya kwenda kwa ndugu zake. Akanikumbatia, akaniita "mzee uliyenizaa", akaniambia, "Hirsi akikutana nami, Mungu aniepushe." Nikamwambia amsamehe. Fikiria. Nilimshauri amsamehe Hirsi, na aliniona mcha Mungu. Sasa anauza viazi kando ya barabara pale Burnt Forest, na kila anayenunua debe humpa salamu aniletee.

Kwa hiyo kesho utasimama mbele yake na daftari. Atakusimulia kwa moyo safi jambo la uongo, nawe utaliandika kwa kalamu safi, na likishachapwa huko ng'ambo litarudi hapa likiwa kweli. Wajukuu wa Hirsi watalisoma. Najua jinsi tarehe inavyokuwa kweli ikisomwa mara moja tu na sauti nzuri. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maishani.

Barua hii naiweka juu ya kadi, ndani ya kamba, mahali utakapoiona ukitafuta daftari. Isome kabla hamjapita Cheptiret. Usiivushe uwanja wa ndege. Wanafungua mizigo siku hizi, na sitaki uulizwe jogoo ni nani. Msomee Kiprono. Macho yake ya kusoma hayajawahi kuwa mazuri, naye ataamini sauti yako. Akitaka kuja kunitukana, mwambie niko nyumbani, sitoki. Akinyamaza, usimbembeleze aseme. Kisha mwachie barua aifanye atakavyo.

Nilikuwa nimefikiri kuishia hapo. Nimeweka kalamu chini, nikaisoma tangu mwanzo kama ninavyosahihisha ya mwanafunzi. Nimekuta mahali pamoja ambapo bado nadanganya. Nimeliandika kwa urahisi sana, kwa sababu nimelisema moyoni miaka hii yote mpaka limepata njia yake. Nilisema nilidhani ni watu wa redio.

Yule mfupi kati ya wale wawili wa suti nilimfundisha. Aliimba sauti ya pili katika kwaya yangu miaka minne, na alipotoka shuleni mji mzima ulijua ameajiriwa kazi gani na kwa nini watu huhama meza akiingia hotelini. Aliniita Mwalimu akiwa bado mlangoni. Nilijua ni nani kabla sijaweka maji ya chai motoni. Nilileta kadi nikijua. Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini hofu ilinitaka ninyamaze, na ningeweza kunyamaza, maana hawakunitisha, hawakuniahidi kitu, na walikuwa wamekosea. Alifungua kitabu chake kidogo akasema, "Huyu Kiprono tumeambiwa siku yake ni Septemba."

Wangekuja Septemba wakakuta amekwisha kuondoka. Ningetikisa kichwa tu, ningesema ndiyo, au ningekunywa chai.

Nikamwambia, "Hapana, umekosea. Ni Agosti," nikamtafutia kadi.